Barua ya wazi kwa wanaotuchapishia na kutuchagulia Biblia

Kwenu wakurugenzi wa vyama vya Biblia, wachapishaji wa Biblia za Kiswahili, na ninyi maaskofu, mapadri na wachungaji mnaoamua ni tafsiri ipi isomwe madhabahuni,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Kila mmoja apokee salamu ya kwao.

Tunawaandikia kuhusu ukurasa mmoja tu. Ni ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina, wenye maandishi madogo ya hakimiliki, ambao karibu kila msomaji huuruka. Tunaomba ukurasa huo ujibu mambo matano: tafsiri hii ilifanywa kutoka lugha gani na matini gani, waliotafsiri ni nani na wa madhehebu gani, gharama ililipwa na nani, haki iko kwa nani, na kuna kilichobadilika tangu chapa iliyopita? Biblia nyingi zilizomo mikononi mwa watu hujibu swali la nne, basi. Mengine msomaji anaachiwa aambiwe na uvumi, na uvumi hauna hiana.

Tuweke wazi kwamba hatumshuku mtu kwa sababu tu ana nia yake. Haijapata kutokea tafsiri isiyo na nia. Ile ya Kiingereza ya mwaka 1611, iitwayo King James, ambayo wengine huitetea kana kwamba ilishuka mbinguni imeshajalidiwa, ilianzia kwenye kikao cha Hampton Court mwezi Januari 1604. Mfalme James alikuwa akichukizwa na Biblia ya Geneva ya 1560, hasa maelezo yake ya pembeni. Penye Kutoka 1:19, kwa mfano, maelezo hayo yalisema wakunga wa Kiebrania walikuwa na haki kukataa amri ya Farao, na mfalme hapendi raia wake wasome kwamba kuna siku ya kumkatalia mfalme. Basi watafsiri wakapewa kanuni: pembeni pasiandikwe kitu ila kueleza neno la Kiebrania au la Kigiriki, na maneno ya zamani ya kikanisa yabaki, “kanisa” lisigeuzwe “kusanyiko”. Hapo kiti cha enzi kililindwa, na maaskofu nao wakalindwa. Hata hivyo kazi iliyotoka ilikuwa njema. Nia ya mwenye kulipa ni jambo moja, ubora wa kazi ni jingine, na msomaji ana haki ya kujua yote mawili.

Ya kwetu nayo yana historia yake. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huo huo akaanza kutafsiri Mwanzo. Steere, askofu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA Zanzibar, alisimamia Agano Jipya kwa Kiunguja, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka 1891, yeye akiwa amekwisha kufariki. Wamisionari wa CMS, shirika jingine la Kianglikana, wakawa na yao ya Kimvita, iliyokamilika 1914. Lugha moja, pwani moja, Waanglikana wote, Biblia mbili. Kisha Karl Roehl, Mjerumani, akatoa yake kamili mwaka 1937 huko Stuttgart, akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kutafuta ya Kibantu. Hiyo nayo ilikuwa nia, tena nia nzito, kwani dhambi, imani, sala, nabii na malaika yote yametoka Kiarabu, na anayetaka kuyakwepa ana kazi. Union Version ya 1952 iliitwa “Union” kwa sababu iliunganisha mapokeo ya Unguja na Mvita. Ni wasomaji wangapi wanaolijua hilo leo? Wengi hudhani jina hilo ni la muungano wa madhehebu, au wa Tanganyika na Zanzibar, ambao ulikuja miaka kumi na miwili baadaye.

Sasa tuangalie kwa karibu jinsi nia inavyoingia katika neno. Katika Union Version, 1 Timotheo 3:1 yasema, “Mtu akitaka kazi ya askofu, atamani kazi njema.” Wafilipi 1:1 napo pana “maaskofu na mashemasi”. Lakini fungua Matendo 20:28, Paulo anapowaaga wazee wa Efeso: Roho Mtakatifu amewaweka kuwa “waangalizi”. Neno la Kigiriki ni lile lile, episkopos; katika 1 Timotheo 3:1 ni jina la kazi yake, episkopē, na mstari wa 2 unamtaja mwenye kazi. Aliye na maaskofu kanisani kwake atasoma Timotheo na kuona cheo chake kimeandikwa. Asiye nao atasoma Matendo na kusema, mnaona, ni wazee tu wa kusimamia kundi. Wote wawili wamesoma Biblia moja. Tafsiri nyingine husema “kiongozi wa kanisa”, na hapo kila mtu anaridhika na hakuna aliyejifunza kitu. Hatudai neno moja litumike kila mahali, kwa kuwa muktadha una haki yake. Tunachoomba ni tanbihi, yaani maelezo ya chini ya ukurasa, ya mstari mmoja: “Neno hili hili limetafsiriwa ‘askofu’ katika 1 Timotheo 3:2.” Ni maneno machache, wala hayaongezi ukurasa.

Au chukua “kubatiza”. Ni neno la Kigiriki lililovishwa kiambishi cha Kiswahili, halikutafsiriwa. Huko nyuma vyama vya Biblia viligoma kugharimia tafsiri za Bara Hindi na Burma zilizoliandika kwa maana ya “kuzamisha majini”, kwa hofu ya kuwaudhi wanaonyunyiza. Mwaka 1836 Wabaptisti wa Marekani wakajitoa na kuunda chama chao. Kuliacha neno bila kulitafsiri kulikuwa njia ya kuyaweka madhehebu yote meza moja, na mpaka leo ndivyo tunavyosoma. Pengine ni busara, ila ni busara ambayo msomaji hakuelezwa.

Kiswahili chenyewe kina mitego ambayo Kiingereza hakina. Yohana 1:1 katika Union Version: “Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu.” Kwa ngeli za kawaida neno “lilikuwako”. Watafsiri walianza na “kulikuwako”, ambayo haimgusi mtu wala kitu, halafu wakaingiza “naye” na “alikuwa”, kama kwa kiumbe hai. Kiambishi kimoja, na Neno limekuwa nafsi. Tunadhani walifanya vyema, maana sura nzima inaelekea huko. Lakini ni uamuzi wa imani uliofanywa kwa sarufi, sawa na jinsi Tafsiri ya Ulimwengu Mpya, ya Mashahidi wa Yehova, inavyomaliza mstari huo huo kwa “mungu” wa herufi ndogo, na inavyoweka jina Yehova ndani ya Agano Jipya ilhali hakuna hati ya Kigiriki ya Agano Jipya iliyopatikana yenye jina hilo. Walioichapisha wana hoja zao na wanazieleza. Wengine nao waeleze za kwao: kwa nini Union Version ina BWANA kwa herufi kubwa mahali pengi lakini YEHOVA katika Kutoka 6:3, na kwa nini Biblia ya Habari Njema ikachagua Mwenyezi-Mungu.

Kuna mtego mmoja unaotusaidia kumtambua aliyetafsiri kutoka Kiingereza huku akisema ametafsiri kutoka lugha za asili. Kiingereza cha miaka ya karibuni kimegombana sana kuhusu “brothers”, kiasi kwamba toleo moja la NIV, tafsiri maarufu ya Kiingereza, lililojaribu kulisahihisha, TNIV, liliacha kuchapishwa baada ya miaka michache. Ugomvi huo hautuhusu sisi hata kidogo. “Ndugu” ni mwanamume au mwanamke, “mtu” vilevile, na “a-” ya kitenzi haina jinsia. Ukikuta “ndugu na dada” katika nyaraka za Paulo, jua kwamba mezani kwa mtafsiri palikuwa na Biblia ya Kiingereza imefunguliwa, tena ya toleo jipya. Si dhambi kutafsiri kutoka Kiingereza. Dhambi ni kuandika “kutoka lugha za asili” wakati Kigiriki kiliangaliwa pale tu palipokuwa na shaka.

Kuhusu mistari “iliyokatwa”, hapa ndipo lawama yetu ilipo kubwa, kwa kuwa ukimya wenu umezaa ugomvi makanisani. Kila mwaka unazunguka ujumbe wa simu wenye orodha: Mathayo 17:21, 18:11, 23:14, Marko 9:44 na 46, Yohana 5:4, Matendo 8:37. “Wameondoa mistari!” Nao ni kweli kwamba katika tafsiri kadhaa mpya namba inaruka kutoka 20 kwenda 22. Sababu ni nyepesi. Namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551, juu ya matini ya Kigiriki iliyotokana na hati chache za baadaye. Hati kongwe zaidi zilipoanza kutumika, kama ile ya Sinai ambayo Tischendorf aliipata katika monasteri ya Mtakatifu Katarina mwaka 1859, ilionekana kwamba baadhi ya mistari haimo. Mstari ukatoka, namba ikabaki tupu kwa sababu ilikwisha kupangwa. Kufunga na kusali kwa Mathayo 17:21 hakukuondolewa na mtu mwenye njama.

Au 1 Yohana 5:7-8. Union Version imeyafungia maneno ya “mbinguni, Baba, Neno, na Roho Mtakatifu” ndani ya mabano ya mraba. Erasmus, mwanazuoni aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyatia katika chapa zake za 1516 na 1519 kwa kuwa hakuyaona katika hati za Kigiriki alizokuwa nazo; akalaumiwa, akaonyeshwa hati moja iliyo nayo, akayatia 1522, na kutoka hapo yakaenea hadi 1611. Mabano yale mawili yamebeba ugomvi wote huo. Chapa isiyoeleza maana ya mabano yake inamwacha mhubiri asimame juu ya fundisho la Utatu kwa mguu mmoja ulio dhaifu, wakati fundisho hilo lina miguu mingine imara.

Kwa hiyo wachapishaji, msiache pengo tupu, wala msirudishe mstari kimyakimya ili kutuliza soko. Wekeni mstari wenyewe chini ya ukurasa kwa maneno kamili, na mseme: hati kongwe hazina. Na mnapobana kurasa ili kupunguza gharama, tanbihi zisiwe za kwanza kufyekwa, kama zinavyofyekwa sasa. Vilevile kwenye simu: programu nyingi huficha tanbihi nyuma ya kinyota kidogo, nyingine huziacha kabisa, na matini hubadilika usiku mmoja bila mtu kuambiwa. Toleo la karatasi lina mwaka wake. La simu nalo lipewe tarehe.

Fedha tuizungumze pia. Matini ya zamani haina mwenyewe, kwa hiyo mchapishaji hawezi kumzuia mwenzake kuichapa. Anayetaka mali ya peke yake ana njia mbili: atengeneze tafsiri mpya, au achukue matini isiyo na mwenyewe aijaze maelezo yake. Njia ya pili ilionekana vizuri mwaka 1909, Oxford University Press ilipotoa Biblia ya Scofield: maneno ya 1611 juu, na chini yake mfumo mzima wa vipindi vya historia ya wokovu kama alivyouelewa Scofield. Vizazi vya wasomaji havikuweza kutenganisha mstari wa juu na mstari wa chini. Ndiyo maana vyama vya Biblia vya zamani vilishikilia kuchapa “bila maelezo wala ufafanuzi”, na waliokuja kuwacheka walisahau sababu. Njia ya kwanza ndiyo inayoeleza wingi wa tafsiri za Kiingereza. Shirika lenye mtandao wake wa shule za Jumapili likitumia tafsiri ya mwingine, linalipa kwa kila kitabu cha masomo. Likiwa na yake, halilipi. Na kampuni mama ya HarperCollins, ambayo ni News Corp, leo ina Zondervan na Thomas Nelson chini ya paa moja, yaani wachapishaji wa NIV na wa NKJV, tafsiri ambazo wasomaji wake hushindana kana kwamba ni kambi mbili. Mwenye duka anafurahia ushindani huo.

Huku kwetu faida kwa kawaida haitokani na kuuza. Biblia nyingi hufika kwa ruzuku ya wafadhili. Nia kwa hiyo hukaa kwa mfadhili. Ndiyo sababu tunataka jina lake liandikwe. Mfano ulio wazi ni wa 1826, Chama cha Biblia cha Uingereza kilipoamua fedha zake zisigharimie tena Biblia zenye vitabu vya deuterokanoni, vile ambavyo Wakatoliki wanavyo na Waprotestanti hawana, baada ya wachangiaji kulalamika. Uamuzi uliofanywa London ukawa ndio unaoamua unene wa Biblia za mbali. Ilichukua hadi maelewano ya 1968 kati ya vyama vya Biblia na Vatikani ndipo kazi ya pamoja kama Habari Njema ikawezekana, na leo inapatikana ikiwa na vitabu 66 au ikiwa na deuterokanoni. Tafadhali andikeni tofauti hiyo kwenye jalada la nje kwa herufi zinazosomeka. Mkatoliki akirudi nyumbani na Biblia isiyo na Tobiti wala Wamakabayo, amepoteza safari, na Mprotestanti akiikuta Yuditi katikati anadhani amechapiwa makosa.

Sasa ninyi mnaochagua. Kwanza, acheni kutafuta tafsiri moja ya kazi zote. Union Version inasomeka kwa sauti kuliko zote, ina mapigo, na waumini wameihifadhi moyoni. Lakini “aliziumba mbingu na nchi” kwa kijana wa leo ni nchi yenye bendera, na “marago” ya Hesabu, yaani kambi, hayajui. Habari Njema inafungua Warumi kwa mtu anayeanza, ila inaamua kwa niaba yake mahali ambapo Paulo aliacha milango miwili wazi. Tungeweka ya kwanza kwenye mimbari na ya pili mikononi mwa wanafunzi wa ubatizo, na katika darasa la Biblia zote mbili pamoja na ya tatu.

Pili, jaribuni kabla ya kuagiza. Chagueni vifungu sita vya aina tofauti: Ruthu 1, Walawi 14, Zaburi 139, sura moja ya Mithali, Warumi 5:12-21, Ufunuo 4. Mpeni msomaji ambaye hajavipitia, asome kwa sauti mbele ya watu watano. Mtu mmoja aweke alama kila pale msomaji anapokwama au kurudia. Alama zikijaa sehemu moja, kosa ni la sentensi, si la msomaji. Kisha wasikilizaji wasimulie walichosikia kwa maneno yao. Msiwaulize “mmeelewa?”, wote watasema ndiyo, hasa mchungaji akiwa amekaa pale. Mchungaji asikae pale. Baada ya hapo angalieni mahali panapofichua matini: Ufunuo 22:19 una “mti wa uzima” au “kitabu cha uzima”? Ukikuta kitabu, jueni kimetoka kwa Erasmus, ambaye hati yake ilikosa mistari ya mwisho akaijazia kutoka Kilatini. Isaya 7:14 ina bikira au mwanamwali, na tanbihi inasema nini? Toleo la Kiingereza la RSV la 1952 lilipoweka “mwanamke kijana”, wapo waliochoma ukurasa huo hadharani. Tanbihi nzuri huokoa kiberiti.

Tatu, shehena ya bure ikija, ulizeni kabla ya kupokea: ni tafsiri ipi, yaliyoongezwa nyuma ni ya nani, na baada ya miaka mitano itapatikana tena? Rahisi ghali. Usharika ukiwa na tafsiri nne za msaada wa misimu minne, hakuna somo linaloweza kusomwa kwa pamoja. Fungueni pia nakala moja katikati na mwanzoni kabisa. Mgongo ukilia na karatasi zikaanza kuachia, imegundishwa kwa gamu tu, haikushonwa, na haitamaliza miaka miwili ya mimbari.

Linabaki la ruhusa. NIV huandika wazi kwamba mtu anaweza kunukuu hadi mistari 500 bila kuomba, mradi asinukuu kitabu kizima cha Biblia wala nukuu zisifike robo ya kazi yake. Shirika la Biblica limeiweka tafsiri yake ya Kiswahili iitwayo Neno katika toleo wazi, kwa leseni ya Creative Commons. Mwandishi wa masomo ya shule ya Jumapili au mtunzi wa kitabu cha liturujia kwa Kiswahili anahitaji sentensi kama hizo kwa kila tafsiri, kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha wanasheria: mistari mingapi, kwa matumizi gani, barua ya maombi iende kwa nani. Sasa hivi wengi hunakili kimya kimya huku wakiogopa, na wengine huacha kabisa kuandika.

Tunapendekeza ukurasa huo uanze na chapa yenu ijayo, bila kungoja marekebisho makubwa ya matini. Rasimu ya maneno yake isomwe na Mkatoliki mmoja, Mprotestanti mmoja, na mtu mmoja asiye msomi, na yule wa tatu ndiye awe na neno la mwisho.

Ni sisi, wasomaji na wasahihishaji wa Biblia za Kiswahili